Shajara ya mradi: raiza ya mita 1,000 ndani ya laptop

Raiza ni lile bomba refu linaloshuka kutoka meli ya kuchoronga hadi kwenye kisima kilicho sakafuni mwa bahari. Fimbo ya kuchorongea hupita ndani yake, na tope la uchorongaji hupanda kurudi juu humo humo. Juu limeshikwa na pistoni za meli zinazolivuta muda wote. Chini limefungwa kwenye BOP, yaani rundo la vali za kuzuia kisima kisilipuke. Hapo katikati halina nguzo wala nanga. Kinacholisimamisha ni kule kuvutwa tu.

Visima vya gesi vya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara vilichorongwa kwa namna hiyo, baadhi kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000. Mimi naanza na mita 1,000, kwa Python, kwenye laptop ya gigabaiti 8. Programu za kulipia zipo na zinafanya kazi hii vizuri, ila leseni zake hazikutungwa kwa mtu anayepanga chumba Sinza. Naandika hapa kila hatua ikiisha ili atakayefuata asirudie makosa yangu. Atakuwa na ya kwake.

8 Februari 2025: Vipimo

Kipenyo cha nje inchi 21 (mita 0.5334), unene wa ukuta milimita 15.9, chuma cha gigapaskali 207. Hapo ugumu wa kupinda (EI) unatoka meganyutoni (MN) 179 mara mita mraba, na chuma chenyewe kina kilo 203 kwa kila mita. Maji ya bahari kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, tope kilo 1,200. Tensheni ya juu, yaani nguvu ya kulivuta, MN 2.7. Meli nimeisogeza mita 20 pembeni mwa kisima, asilimia 2 ya kina.

Nimeacha vielea (vya kulipunguzia bomba uzito majini), na nimeacha mabomba membamba yanayoandamana na raiza ubavuni. Uzito wake si wa kupuuza, lakini nataka kwanza kitu ninachoweza kukihakiki kwa kalamu.

Mlinganyo ni wa boriti iliyovutwa: EI·y'''' − (T·y')' = q, ambapo y ni kusogea kwa bomba ubavuni, T tensheni, na q msukumo wa pembeni kwa kila mita. Nimelikata bomba vipande 40 vya mita 25 na kuuandika mlinganyo kwenye kila nukta. Kodi ya programu haikuzidi mistari 70. Picha ya kwanza ilitoka usiku ule ule, bomba limejipinda vizuri kama mnazi wa ufukweni, na nikalala nimeridhika.

15 Februari: Picha nzuri, fizikia hakuna

Nilimtumia picha mwalimu wangu wa zamani wa mekanika. Hakusifu. Aliandika: "Mwanangu, ongeza uzito wa tope uone bomba linasema nini."

Nikapandisha tope kutoka 1,200 hadi 1,700. Bomba halikusema kitu. Mchoro wa pili ulikaa juu ya wa kwanza, nukta kwa nukta. Nilidhani nimesahau kuhifadhi faili, nikaendesha tena, kisha tena. Ndipo nikafungua kodi na kuona kwamba tope halimo popote kwenye mlinganyo. Tensheni nilikuwa naipunguza kwa uzito wa chuma peke yake: MN 2.7 juu, toa MN 1.99 ya chuma chote, chini ibaki MN 0.71. Tope nililitaja kwenye orodha ya vipimo basi, halikufanya kazi yoyote.

Mwalimu alipopata jibu langu akaongeza mstari mmoja: "Hiyo ni tensheni ya ukuta. Bomba halipindi kwa tensheni ya ukuta."

Sikumwelewa. Wiki nzima sikumwelewa.

23 Februari: Tensheni mbili

Kilichonifungua macho ni mpira wa kumwagilia wa mama mwenye nyumba. Umebanwa bombani upande mmoja, upande wa pili umekandamizwa na tofali. Ukifungulia maji kwa nguvu, mpira hauongezi kukaza. Unajisokota na kutambaa ubavu kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Maji yaliyo ndani yanasukuma ukuta, na mpira ukishapinda kidogo tu, upande wa nje wa pindo una eneo kubwa kuliko upande wa ndani, kwa hiyo msukumo unazidi kule nje na pindo linakua. Maji ya nje ya bomba hufanya kinyume chake: yanalinyoosha.

Kwa hiyo T inayoingia kwenye mlinganyo wa kupinda haiwezi kuwa ile iliyomo ndani ya chuma tu. Ni tensheni ya ukuta, toa shinikizo la ndani mara eneo la ndani, jumlisha shinikizo la nje mara eneo la nje. Naiita tensheni tendaji. Njia ya mkato ya kuipata kila kina: shuka na uzito wa chuma pamoja na tope lililomo, punguza uzito wa maji yaliyosukumwa pembeni. Kwa vipimo vyangu ni nyutoni 2,067 kwa kila mita, na chini inabaki MN 0.633 badala ya 0.71.

Tofauti ya asilimia 12 hivi mtu anaweza kuipuuza. Sasa weka tope la 1,700. Uzito tendaji unapanda hadi nyutoni 3,037 kwa mita, jumla MN 3.04, na mimi juu navuta MN 2.7 tu. Tensheni tendaji ya chini inakuwa hasi 0.34. Ukuta wa chuma pale pale bado umevutwa kwa MN 0.71, ukiubandika kipimo utaapa kuwa mambo ni salama, na bomba linajikunja. Programu yangu ya zamani ingekuonyesha mnazi ule ule mzuri.

Kuanzia leo tensheni tendaji inachapishwa kwenye skrini kabla ya kitu kingine chochote, na ikiwa hasi mahali popote programu inakataa kuendelea.

Gharama hadi hapa: wikendi tatu na tokeni ya umeme ya 10,000.

1 Machi: Hesabu ya mkono

Kabla ya kuendelea nilitaka jibu la kulinganishia. Ukisahau ugumu wa bomba na kulichukulia kama kamba yenye uzito, bila mkondo, pembe ya chini (kuinama kwa bomba kutoka wima) inatoka kwa kikokotoo cha simu:

pembe = δ·w / (Tc · ln(Tj/Tc))

δ ni kusogea kwa meli, w uzito tendaji kwa mita, Tj na Tc tensheni tendaji za juu na chini. Kwa namba zangu ni nyuzi 2.58 chini na nyuzi 0.6 juu. Mtu akigawanya mita 20 kwa 1,000 anapata nyuzi 1.15 na kudhani ndiyo hiyo kote. Siyo. Bomba linapinda zaidi pale linapovutwa kidogo zaidi, na hapo ni chini, karibu kabisa na BOP.

Kodi ilifuata mteremko ule ule wa kamba umbali mfupi tu juu ya kifungo cha chini. Nikashangilia mapema.

8 Machi: Vipande vya mita 25 vinadanganya

Pembe ilikuwa sawa, momenti haikuwa. Nilikuwa nimelibana bomba kwenye BOP kama nguzo kwenye zege, na momenti ya kupinda pale mguuni ikatoka chini kidogo ya kilonyutoni-mita 390. Kwa udadisi nikakata vipande vya mita 10: 460. Mita 5: 475. Namba inayopanda kila unapokata vipande vidogo zaidi ujue bado haijafika kwake.

Sababu iko kwenye urefu mmoja ambao ningepaswa kuukokotoa siku ya kwanza: kipeuo cha pili cha EI gawanya kwa T, nauita λ. Chini ni mita 16.8. Huo ndio umbali ambao bomba linahitaji kutoka kwenye wima ya kifungo na kufuata mteremko wa kamba. Mpindo wote mkali umo humo, na mimi nilikuwa naupima kwa rula ya mita 25. Kwa njia hii ya kukata vipande sawa, kosa linaweza kukadiriwa kwa kalamu: jibu linagawanywa kwa kipeuo cha pili cha (1 + h²/4λ²), h ikiwa kipande na λ ile mita 16.8. Mita 25 inakupa asilimia 80 ya ukweli, mita 10 asilimia 96, mita 5 asilimia 99. Zilivyolingana na skrini yangu nilifurahi kuliko nilivyofurahia ile picha ya mnazi.

Nimebaki na mita 5, vipande 200. Anayenakili akumbuke kuikokotoa λ kwa tensheni ya chini, siyo ya juu. Juu kwangu ni mita 8, lakini pale mpindo si mkubwa.

16 Machi: Kiungo nyumbufu

Kilonyutoni-mita 480 kwenye bomba hili ni mkazo wa megapaskali 148 kwa kupinda peke yake, na meli haijaanza hata kuyumba. Ndiyo maana hakuna anayelibana bomba hivyo. Chini huwekwa kiungo nyumbufu, chenye matabaka ya mpira na chuma, kinachoruhusu bomba kuinama. Nimekiweka kama springi ya kilonyutoni-mita 30 kwa kila nyuzi. Momenti ikaanguka hadi 67 na mkazo hadi megapaskali 21.

Tatizo likahamia kwenye pembe. Kiungo kimeinama nyuzi 2.2. Mwongozo wa raiza wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, API RP 16Q, toleo la 1993, ulitaka wastani usizidi nyuzi 2 wakati wa kuchoronga. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye sakafu ya mtambo alinieleza kwa simu kwa nini: "Kaka, fimbo inazunguka humo ndani kutwa nzima. Bomba likiinama, fimbo inasugua ukona ule ule. Unakula chuma cha kiungo bila kujua." Alivyosema "unakula" nilimwona mtu anayetafuna msumari.

Nilijaribu njia mbili. Kurudisha meli hadi mita 15 kulishusha pembe hadi 1.7. Kuiacha mita 20 na kupandisha tensheni hadi MN 3.2 kulitoa 1.8. Ya pili inaonekana rahisi hadi ukumbuke tope zito: kwa 1,700 na MN 3.2, tensheni tendaji ya chini ni MN 0.16 tu, na hesabu ya kamba inatoa nyuzi 7. Kwa hiyo tensheni haipangwi mara moja ikaachwa. Tope likibadilishwa, nayo inabadilishwa.

29 Machi: Mawimbi, na alama mbili zilizosahaulika

Mvua za masika zimeanza, umeme unakuja na kuondoka, na mimi nimeingia kwenye mwendo. Wimbi la mita 4, kila sekunde 10. Nguvu ya maji nimeichukua kwa mlinganyo wa Morison wa 1950: sehemu moja inafuata kasi ya maji, nyingine inafuata kuongezeka kwa kasi. Wimbi la sekunde 10 lina urefu wa mita 156, na ukishuka nusu ya hapo, mita 78, mwendo wake umebaki asilimia 4. Yaani mita 900 za chini za bomba hazijui kama juu kuna wimbi. Zinajua kwamba meli inayumba.

Wimbi linakwenda mbele na kurudi nyuma sawasawa, kwa hiyo bomba lilitakiwa kucheza kulia na kushoto sawasawa. Langu lilikuwa na wastani wa sentimita 1 na kitu upande mmoja. Kwenye bomba la mita 1,000! Nilikaribia kulipuuza. Lakini wastani ambao hauna sababu haukai kimya kichwani mwangu, na siku mbili baadaye niliona:

nguvu = 0.5 * rho * Cd * D * u * u

Hapo u ni kasi ya maji na Cd ni namba ya ukinzani wake. Kasi ikiwa hasi, hasi mara hasi ni chanya. Maji yakirudi nyuma bomba langu lilikuwa bado linasukumwa mbele. Inatakiwa u * abs(u), na u iwe kasi ya maji toa kasi ya bomba lenyewe. Nilikokotoa kwa mkono kiasi ambacho kosa hilo lingelisogeza bomba: sentimita 1.2. Ndiyo ile ile. Kosa likilingana na hesabu yake, hapo ndipo naamini nimelipata lote.

Kosa hili lingekuwa baya zaidi baadaye nikiweka mkondo juu ya wimbi, kwa sababu pale wastani unakuwa na sababu ya kuwepo, nami nisingeshuku kitu.

6 Aprili: Umeme

Niliendesha saa tatu za bahari kwa hatua za sekunde 0.01. Hizo ni hatua milioni 1 na 80,000. Kwa kasi ya kodi yangu ilikuwa kazi ya saa 5. Saa 10 usiku umeme ulikatika, betri ya laptop ilishakufa tangu mwaka jana, na sikuwa nimehifadhi hata hatua moja.

Nilichobadili: betri mpya Kariakoo, 85,000. Matokeo yanaandikwa diski kila dakika 10 za bahari. Hatua imekuwa sekunde 0.1, kwa kuwa njia ya Newmark ya kukokotoa mwendo (ile ya mchapuko wa wastani) haivurugiki kwa hatua ndefu, na kila wimbi bado linapata hatua 100. Na nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: matriki (jedwali la namba za mlinganyo) haibadiliki, basi ivunjwe mara moja nje ya mzunguko, siyo kila hatua. Saa 5 zimekuwa chini ya dakika 3. Betri sikuihitaji tena, lakini ndiyo nimeshanunua.

20 Aprili: Mkondo

Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hukaza. Wavuvi wa Mafia hawahitaji programu kuambiwa hilo. Nimeweka mita 1 kwa sekunde juu, ikipungua hadi sifuri kwenye kina cha mita 300, upande ule ule ambao meli imesogea.

Nilitegemea kiungo cha chini kiumie. Pembe ya chini iliongezeka nyuzi 0.1 tu. Juu ndiko kulikobadilika, zaidi ya nusu nyuzi: mkondo ukisukuma upande wa meli karibu unainyoosha pembe ya juu, ukisukuma upande wa pili unaifikisha nyuzi 1.2. Nguvu iko juu, karibu na pistoni, na pistoni ndizo zinazoibeba.

Kubwa ni mtikisiko. Maji yakipita kwenye bomba la duara yanaacha mizunguko nyuma yake, kulia, kushoto, kulia, kama unavyoiona nyuma ya nguzo ya daraja. Kila mzunguko unaling'ata bomba upande. Masafa yake ni karibu 0.2 mara kasi gawanya kwa kipenyo: kwa mita 1 kwa sekunde ni mara 0.375 kwa sekunde. Ikikutana na masafa ya asili ya bomba, bomba linaitika.

Hapa nilikosea mara mbili. Kwanza nilihesabu masi ya chuma na tope pekee, nikapata mtikisiko wa kwanza wa bomba wenye muda wa sekunde 34. Bomba likitikisika majini linabeba na maji yanayolizunguka. Kwa duara, masi ya maji hayo ni sawa na ya maji yaliyosukumwa pembeni, kilo 229 kwa mita hapa. Muda ukawa sekunde 42.

Pili, kwa fomula ya kamba, 0.375 inaangukia karibu na umbo la 16, yaani bomba likijigawa mapindo 16 kutoka juu hadi chini. Nikaliandika hivyo na kulichora. Kisha programu, yenye ugumu ndani yake, ikasema umbo la 14. Nilitafuta kosa kwenye programu siku nne. Halikuwepo. Bomba likigawanyika nusu mawimbi 14, kila moja ni kama mita 70, na pindo fupi hivyo linahisi ugumu wa chuma, hasa chini ambako tensheni ni ndogo. Bomba gumu linafikia masafa yale yale kwa mawimbi machache. Fomula ya kamba iliyoniokoa mwezi Machi ndiyo iliyonipotosha Aprili.

Mtikisiko wa 0.375 ni mizunguko 32,400 kwa siku. Kwa uchovu wa chuma hiyo ni hesabu ya kuogopesha, ingawa mkondo wangu unapungua kadiri unavyoshuka, na kila kina kinataka kutikisa bomba kwa masafa yake, kwa hiyo halitulii kwenye umbo moja. Bomba linalotikisika pia linapata ukinzani mkubwa kuliko lililotulia. Namba zangu za mkondo zilizo hapo juu, basi, ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Cd nilikuwa nimeiacha 1.0.

4 Mei: Hesabu ya fedha na kinachofuata

Tokeni za umeme 40,000. Bando 25,000, nyingi ikienda kwenye kupakua maktaba za Python mara mbili baada ya kuharibu ya kwanza. Betri 85,000. Wikendi 12. Mama mwenye nyumba amerudishiwa mpira wake.

Sasa nashuka mita 2,500. Bila vielea, uzito tendaji kwa tope la 1,200 ni MN 5.17 kabla sijavuta chochote cha ziada, kwa hiyo vielea havikwepeki tena. Vikivalishwa, bomba linaweza kunenepa hadi kipenyo cha zaidi ya mita 1: ukinzani utapanda, masafa ya mizunguko yatashuka karibu nusu, na masi ya maji itaongezeka zaidi ya mara tatu. Kesho naanza na formula ya kamba, halafu λ, halafu ndiyo kodi.